Darubini Ndogo ya Mzee Marzouq

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Mlioko Ibra, Sur, Nizwa, mnaotusikiliza kwenye gari na mnaotusikiliza jikoni, punguzeni moto wa chungu mje karibu. Mie ni Wadhah, na saa hii ya leo ni ya mtu mmoja tu. Mzee Marzouq bin Nasr, wa Ibra. Katutoka mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwake, mkewe kakaa pembeni yake. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Nakariri kwa waliochelewa kufungua redio. Tunamkumbuka Mzee Marzouq bin Nasr wa Ibra.

Asiyemjua kwa jina anamjua kwa darubini. Eeh, yule yule! Yule mzee aliyetafuta darubini ya bunduki karibu mwaka mzima, mpaka wenye maduka wa Nizwa wakimwona anaingia wanaagiza chai kwanza, maana wanajua hapa hakutoki mtu mapema. Tumecheka sana, wallahi. Na yeye alicheka na sisi. Leo nitakwambieni kwa nini alichagua muda wote ule. Mie nilikuwa sijui. Ibra nzima ilikuwa haijui, isipokuwa mtu mmoja.

Lakini subirini, nimerukia mbele.

Mzee Marzouq kazaliwa bara, karibu na Tabora. Baba yake alikuwa na duka, na mtoto akatakiwa akae dukani. Hakukaa. Yeye alipenda pori. Alikuwa akitoka alfajiri na bunduki ya baba yake kwenda kuwinda swala pala. Hapa kwetu tuna paa, wale wadogo wa jangwani, na hao hawaguswi, sheria ni sheria. Pala ni mkubwa zaidi, mwekundu, na dume lake lina pembe ndefu zilizopinda kama mtu kainua mikono anaomba dua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akituelezea Mzee, anainua mikono yake mwenyewe, anatugeuzia kichwa hivi, taratibu, kama kasikia kitu majanini. Ukimtazama unamwona pala.

Alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kulia, limepinda kama mwezi mwandamo. Sisi watoto wa mtaani tulikuwa tunasema kapigwa na chui. Siku moja tukamuuliza. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Chui wapi! Darubini hiyo. Bunduki ilikuwa nyepesi, mie nikasogeza jicho karibu kama nataka kuibusu. Nikafyatua. Bunduki nyepesi ina teke la punda, wanangu. Punda hafuatwi nyuma, na darubini haibusiwi."

Miaka ya sabini akaja Oman na familia yake. Akapata kazi ofisi ya elimu Ibra, akafanya mpaka akastaafu. Akamwoa Bi Khole, mzaliwa wa Unguja mjini. Na hapo, wasikilizaji, ndipo utani ulipoanza, na haujaisha mpaka anakufa.

"Nimeolewa na mtu wa bara," Bi Khole alikuwa akiwaambia wageni mbele yake, "mpaka kanzu yake ya Idi inanuka moshi wa nyama pori."

Na Mzee anajibu pale pale, "Na mie nimeoa mtu wa Unguja. Mnyama mkali anayemjua yeye ni pweza."

Bi Khole anashona kofia. Mnazijua kofia zake, zile za vitundu vidogo vidogo, uzi wa rangi ya samli. Na kila asubuhi, wakishamaliza chai, Mzee alikuwa na kazi yake moja. Anakaa dirishani, anamtungia mkewe sindano. Anatunga moja, anaichoma kwenye mto mdogo. Anatunga nyingine, anaichoma. Halafu mkewe anashona mpaka adhuhuri bila kusimama. Mtu akiisifu kofia, Mzee anadakia, "Kashona yeye, nimetunga mie." Hilo la sindano liwekeni akilini. Tutalirudia.

Sasa. Wana binti mmoja, Samah, kaolewa na Yaqoob, wanakaa Aija, kule Sur, na mtoto wao Wiam anasoma Ibra, kwa babu yake. Yaqoob anafanya kazi kwenye gesi, mtu wa mambo makubwa makubwa, gari kubwa, televisheni kubwa. Idi moja akamwambia mkwewe, "Ami, nikupeleke Tabora. Vibali vyote nitashughulikia mie. Ukapige pala wako, turudi."

Samah ananiambia baba yake alikaa na finjani mkononi mpaka kahawa ikapoa. Halafu akasema, "Mmoja tu. Na kwa risasi moja. Mnyama hajeruhiwi akaachwa. Kama siwezi kwa risasi moja, siendi."

Nakariri hilo pia. Pala mmoja, risasi moja.

Bega lake lilikuwa limezeeka, kwa hiyo ikanunuliwa bunduki nyepesi, ya kubebeka siku nzima. Ikabaki darubini. Na Yaqoob, hebu mkisieni alileta nini? Akaja na darubini kama chupa ya gesi. Mzee akaiweka juu ya bunduki, bunduki ikainama mbele.

"Hii nini?"

"Darubini, ami. Inakuza mara ishirini na nne!"

"Nataka kumpiga pala, au nataka kumhesabia kope?"

"Lakini ami, hii ya mbali kabisa..."

"Yaqoob, mwanangu. Umenunua bunduki nyepesi, halafu umeitwisha gunia la mchele. Rudisha."

Basi Mzee akaanza kutafuta mwenyewe. Kila baada ya wiki chache wanakwenda Nizwa, yeye na Bi Khole, Samah anaendesha. Anataka darubini fupi, nyepesi, ya kukuza mara nne hivi, basi, ili ukiinyanyua umwone mnyama mzima na majani yake, usitafute kama mtu kapoteza ufunguo. Anataka jicho likae mbali na kioo, kwa sababu ya lile teke. Na hakubali kununua mchana. Anakaa dukani anakunywa chai mpaka jua linataka kuzama, ndio anatoka nayo mlangoni, anaangalia kwenye kivuli cha mitende.

"Mchana wa Oman hata chupa ya Vimto inaona mbali," anasema. "Pala anatoka wakati wa giza. Nionyeshe giza."

Anaangalia. Anazungusha. Anaangalia tena. "Hii chafu." Nyengine. "Hii muongo." Nyengine.

Mwenye duka, Mahrous, mtu wa masihara, siku moja akachoka. "Ya sheikh Marzouq! Mke uliposa siku moja, darubini mwaka mzima huipati?"

Mzee akamjibu, "Mke nilimwona kwa macho ya ujana."

Duka zima likacheka. Bi Khole alikuwa kakaa kwenye kiti mlangoni. Mahrous kaniambia mwenyewe, wote walicheka, Bi Khole hakucheka. Akadhani kakasirika kutajwa.

Mwisho akachukua moja. Ndogo, nyeusi, haina makeke. Akaifunga vizuri, wakenda wadini, kwenye lile bonde kavu nje ya mji, akailinganisha, akapiga bati la mafuta katikati. Khalas. Raha tupu.

Kisha akafanya kosa. Kosa letu sote sisi, msijifanye. Akaipeleka sabla, barazani kwa wanaume wa mtaa, siku ya wageni! Sasa nyinyi mnajua sabla zetu. Kahawa inazunguka, na bunduki mpya nayo inazunguka. Kila mtu lazima aiweke begani. Kila mtu lazima afumbe jicho moja aseme mashallah. Na kila mtu, wallahi kila mtu, lazima azungushe kile kifundo cha juu na kile cha ubavuni, vinavyopanga shabaha, trik trik trik, aone kinafanya nini. Hakuna anayekirudisha.

Wiki ya pili Mzee anakwenda wadini, anapiga, bati limekaa tu linamwangalia.

"Nani kazungusha?" akauliza.

Wote wanaangalia viatu.

"Basi kazungusha shetani," akasema, akaanza upya kuilinganisha.

Aliporudi nyumbani Bi Khole akachukua uzi wake wa kofia. Akavizungushia vifundo vyote vya darubini, na ile pete ya nyuma pia, ile inayolinganisha kioo na jicho la mwenyewe. Akakaza, akafunga fundo. "Sasa azungushe mtu nimwone," akasema. Na sabla nzima ikamwogopa Bi Khole kuliko bunduki.

Wakasafiri, Mzee na Yaqoob. Tabora, halafu kusini, porini. Yaqoob ndiye anayesimulia.

"Tulikaa chini ya kichaka. Jua linazama. Pala akatoka, dume, mkubwa, kasimama ubavu. Mie nikasema moyoni, huyu kaletwa na Mungu. Ami akanyanyua bunduki. Akaangalia. Akaangalia sana. Halafu akaishusha, akatoa risasi, akaitia mfukoni. Nikamwambia, ami, yuko wazi kabisa! Akasema, mwache aende. Nikamuuliza, nipige mie? Akasema, sisi tumekuja na risasi moja, nayo iko mfukoni. Mwache."

Wakarudi. Na Yaqoob akatangaza. Sur wakasikia, Nizwa wakasikia. Mzee Marzouq kamwonea huruma pala! Kasafiri bahari mpaka bahari, kamsamehe! Watu wakafurahi nayo sana hadithi hiyo, mpaka khatibu mmoja akaitaja. Mzee hakukubali wala hakukataa. Ukimuuliza anakwambia, "Kunywa kahawa yako."

Baada ya azaa, matanga yalipokwisha, wasikilizaji, nilikwenda nyumbani kwake kuandaa kipindi hiki. Nikamwamkia Bi Khole shikamoo, akaitikia marahaba, akaniweka chumbani kwao, dirishani. Yaqoob alikuwepo. Akaitoa ile darubini ndogo, ishafunguliwa kutoka kwenye bunduki, akataka kunionyesha ule mnara wa zamani juu ya kilima. Akaweka jicho. Akatoa. Akafuta kioo na kanzu. Akaweka tena.

"Mbona ukungu mtupu?" Mkono ukaenda kwenye ile pete ya nyuma, bado ina uzi wa kofia.

"Usiguse!" Bi Khole akasema. Sauti yake sijawahi kuisikia hivyo.

"Mama, nailinganisha tu. Imezungushwa mpaka mwisho, haiendi tena. Nani kaiharibu?"

"Haikuharibika. Hilo ndilo jicho lake."

Yaqoob akautoa mkono.

"Toka nimeolewa ananitungia sindano," Bi Khole akasema. "Siku moja akaniambia, mpe mjukuu wetu Wiam atunge, mie mgongo unaniuma. Mgongo! Sindano inatungwa kwa mgongo? Nikajua. Nikamkamata, twende Nizwa. Nyinyi mkidhani tunafuata darubini. Hospitali kwanza, soko baadaye. Samah tulikuwa tunamwambia akatembee sokoni. Daktari akasema presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, matone yatashika kilichobaki. Akaniapisha nisimwambie mtu. Akasema, Khole, wataniahirishia safari mpaka nisione kabisa."

"Na zile darubini zote?" Yaqoob akauliza.

"Kila moja anasema chafu, muongo. Kioo hakikuwa na kosa, mwanangu."

Yaqoob akakaa chini. Yule mtu mkubwa mkubwa. "Yule pala, mama. Alimwona?"

"Alimwona. Aliporudi aliniambia, 'Khole, nilimwona, mikono yake juu anaomba dua. Lakini sikujua mwili unaishia wapi na majani yanaanzia wapi. Sasa nipige nini?'"

Yaqoob akashika kichwa. "Na mie nimeitangazia dunia nzima kuwa ni huruma."

"Kwani siyo?" Bi Khole akasema. "Huruma nyengine ikoje? Kamngoja miaka hamsini, risasi anayo, wewe uko nyuma unamhimiza. Na hakufyatua, kwa sababu hakuwa na hakika."

Kisha akavuta mto wake wa sindano na kofia aliyoiacha nusu. Wiam yuko shule. Yaqoob akaunyanyua uzi bila kuambiwa. Vidole vile vinene! Akalamba uzi, akakosa. Akalamba tena, machozi yamemjaa.

"Taratibu," Bi Khole akamwambia. "Risasi moja."

Wasikilizaji wapendwa, tumemkumbuka Mzee Marzouq bin Nasr, wa Ibra. Kwako Bi Khole, kwako Samah na Yaqoob wa Aija, kwako Wiam, na jamaa wote wa hapa na wa bara: Mungu akupeni subira, amrehemu mzee wetu, amuangazie kaburi lake, amfungulie macho yake huko alikokwenda.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Tulimwita mchaguzi. Tulimcheka mwaka mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, mzee, unaona? Kila nyumba inayonisikia ina mtu anayesema mgongo unauma na siyo mgongo. Nendeni mkakae naye dirishani. Muulizeni, kisha nyamazeni mpaka ajibu. Na kama bibi yako anashona, basi usingoje akuite.

Mtungie sindano.