Mwalimu Sylvestre Habineza na Jibu la Mistari Miwili

Mwalimu Sylvestre Habineza alizaliwa tarehe 3 Machi 1964 huko Giheke, mtoto wa kwanza wa Mzee Bizimana na Maman Mukamazimpaka. Hata tarehe hiyo hakuiamini mpaka alipoisoma mwenyewe kwenye kitabu cha ubatizo.

Alisoma shule ya msingi Giheke, kisha sekondari na chuo Bukavu, akahitimu fizikia mwaka 1988. Mwaka 1990 alimuoa Maman Bernadette. Ukimwambia mvua inanyesha, alitoka nje kuhakikisha, kwa hiyo Maman alizoea kumpa mwavuli kwanza, habari baadaye.

Kuanzia 1997 alifundisha Kamembe. Mimi mdogo wake, fundi saa, nilimshuku kwa jambo moja: alidai kwamba saa inayosafiri na chembe inayozidi kuongeza kasi huhesabu muda mfupi kuliko saa iliyobaki mezani, wala si mbovu. Saa ya namna hiyo haijaletwa kwangu.

Mwaka 2008 aliliweka kwenye mtihani: saa ya chembe hiyo itahesabu muda gani? Yeye aliikata safari vipande kumi, akafupisha muda wa kila kipande kulingana na kasi yake, akajumlisha. Kurasa nne, akazifungia kwenye droo. Binti yake Feza, aliyekuwa pia mwanafunzi wake, alijibu kwa mistari miwili bila kukata vipande, na jibu lake likatofautiana na la droo kwa tarakimu ya mwisho tu. Baba akashuku kuwa amefungua droo, akanakili, kisha akabadilisha tarakimu hiyo ili asikamatwe. Akampa sifuri mbele ya darasa. Feza aliacha shule, akaanza biashara ya vitambaa Bukavu, na kwa miaka kumi na mmoja hawakula meza moja. Niliumia.

Mwanzoni mwa 2019 figo zilimlaza. Akamwita Feza.

"Fanya tena, nione."

"Papa, nilishafanyaka. Karatasi iko na weye, soma."

Feza akaondoka. Karatasi kaka yangu alikuwa nayo kweli, ameitunza kama ushahidi. Akaisoma, hakuridhika, akaikata ile safari vipande ishirini, kisha mia. Kila alipokata vidogo zaidi, jibu lake lilisogea kwenye la Feza: lililokosea tarakimu ya mwisho lilikuwa la droo. Akaniagiza neno la kuandika katika wasifu huu wa mazishi yake. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Alilia. Alifariki tarehe 14 Juni 2019.

Ameacha mjane, Maman Bernadette. Mdogo wake, mimi Kamali. Na binti mmoja, Feza, ambaye hakunakili. Neno hilo analisikia leo pamoja nanyi.

Apumzike kwa amani, Feza akimruhusu.