Rangi ya Kuzuia Baridi

Barakoa huziba mdomo, haizibi masikio. Ndani ya treni ya Blacktown, Dévote, ndoo ya rangi ya ukutani ya kuzuia baridi miguuni pake, aliwasikia abiria wawili wa kiti cha mbele, fundi rangi na mwanamke mmoja, wakibishana juu ya rangi hiyohiyo. “Inafanya kazi, dada,” fundi alishikilia. “Labda mliacha dirisha wazi.”

“Mama alikuwa na Korona, tuliambiwa tufungue,” mwanamke akajibu. “Lakini hata kabla hajaugua, dirisha limefungwa, alikuwa analala na koti. Mimi niliiamini rangi yenu, nikauza hita.”

“Mlipaka mara mbili?”

“Mara tatu.” Treni ikasimama Westmead, mwanamke akanyanyuka. “Lile koti ndilo naenda kulichukua hospitali. Mwenyewe tulimzika jana.”

“Basi ni dirisha,” fundi akauambia mlango uliokwisha kufungwa. Dévote akaisukuma ndoo yake chini ya kiti.