Dkt. Titilia Naborisi na Wajina wa Naduruvesi

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu wa Novemba, Dkt. Titilia Naborisi atakuwa ameitumikia Idara ya Taaluma ya Mustakabali kwa miaka thelathini na mmoja, na jioni ya siku hiyo, kwa mujibu wa kanuni za chuo, atakabidhi funguo za chumba chake cha juu kinachotazama bandari ya Suva. Kanuni hazikumwuliza kama amemaliza kazi. Laiti zingemwuliza, angezijibu kwa ule upole wake ambao wengi wetu tumejifunza kuuogopa. Sisi tuliopewa heshima ya kuandika machache juu ya utumishi wake tunamshukuru Mungu kwamba tunayaandika akiwa hai na mwenye afya, awezaye kutusahihisha.

Alizaliwa katika kisiwa cha Kadavu, hapa Fiji, binti wa seremala wa mashua. Alifundisha hesabu katika shule ya wasichana kwa miaka michache, kisha akaenda Hawaii kusoma, na aliporudi alileta taaluma ambayo hapa kwetu haikuwa na jina wala kiti. Chuo kilimpa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Alivitengeneza viti vile mwenyewe kwa mikono aliyorithi kwa baba yake, na wanafunzi wake wa kwanza walivikalia.

Wengi walidhani ni mpiga ramli mwenye shahada. Mhasibu wetu, Bwana Daya Prakash, hakuacha hata Ijumaa moja ipite bila kuchungulia mlangoni kwake kumwuliza, Dada Titilia, niambie basi, kesho uwanjani atashinda nani. Siku moja alipata jibu lake: kwamba mshindi hamjui, ila anamjua mwamuzi ambaye Daya atamlaumu Jumatatu. Jumatatu ilipofika, Daya alimlaumu mwamuzi yuleyule, na tangu hapo akawa mtetezi mkubwa wa idara katika vikao vya bajeti.

Hata makanisani palikuwa na minong'ono. Wako walioona kwamba kuichunguza kesho ni kutia mkono katika kapu la Mwenyezi. Dkt. Naborisi, ambaye hajawahi kukosa ibada ila kwa homa au kimbunga, hakukasirika. Alisema kwamba anayepigilia mbao madirishani mawingu yanapokusanyika hajatabiri neno. Ameangalia tu, kisha akafanya wajibu wake. Naye alifundisha hivyo maisha yake yote: kwamba kesho si moja. Iko ile itakayotufikia tukilala, ziko zile zinazowezekana tukiamka, na iko ile tunayoitaka, ambayo haiji mpaka mtu aianzie mwisho wake na kurudi nyuma hatua kwa hatua, hadi aione kazi ya leo. Kwa njia hiyo aliwasaidia wakulima wa miwa wa Labasa kujiuliza watalima nini watoto wao watakapoikataa miwa, na aliwakalisha wakuu wa maji wa mji mmoja mbele ya ukame ambao ulikuwa haujafika. Ulipofika, matangi yalikuwa yamejaa.

Lakini atakayesimulia utumishi wake bila kukitaja kijiji cha Naduruvesi atakuwa amesimulia nusu tu.

Naduruvesi kilikuwa kwenye ufuo wa kaskazini wa kisiwa cha Vanua Levu, na bahari ilikuwa ikikila. Miaka kumi na minne iliyopita, maji makuu yalianza kupanda ngazi za kanisa, na mihogo ikafia ardhini kwa chumvi. Shirika moja la misaada likajitolea kujenga nyumba mpya kilimani, kwa sharti kwamba wanakijiji wenyewe wakubali. Dkt. Naborisi alitumwa kwenda kuwauliza.

Alikwenda kwa adabu zote. Alipeleka yaqona, kinywaji chetu cha mizizi cha kubishia hodi kwa heshima, kwa Ratu Ilaitia, chifu wa mahali pale, ikapokewa na kunywewa. Kisha akatandika mkekani picha nne kubwa, kila moja ikionyesha kijiji miaka thelathini mbele: katika ya kwanza kimezungushiwa ukuta wa mawe, katika ya pili kimehamia kilimani, katika ya tatu watu wametawanyikia mijini, na katika ya nne hakuna aliyefanya lolote. Kila mtu mzima alipewa kombe moja la baharini aliweke juu ya kesho aitakayo. Kwa heshima, chifu alianza. Aliweka kombe lake juu ya kilima, na wote waliomfuata, wanaume kwa wanawake, wakaweka yao papo hapo. Dkt. Naborisi aliondoka na furaha, akaandika kwamba kijiji kimekubali kwa sauti moja.

Nyumba zikajengwa, zikapakwa rangi, zikapewa matangi ya maji. Hakuna aliyehamia. Hakuna aliyekataa pia. Kila aliyeulizwa alijibu ndiyo, tutahama, kisha akarudi kurekebisha paa lake la ufukweni. Mwaka mzima ukapita hivyo, na shirika likatangaza kwamba mvua zisipowakuta watu kilimani, nyumba zitavunjwa na kupelekwa kisiwa kingine. Walikuwako chuoni walioshauri taarifa iandikwe kwamba watu wa Naduruvesi ni vigeugeu, na faili lifungwe. Dkt. Naborisi aliomba likizo bila mshahara, akapanda meli.

Alimkuta Ratu Ilaitia akisuka wavu, akamwuliza moja kwa moja kwa nini aliweka kombe lake kilimani ikiwa hakutaka kwenda huko. Chifu alimjibu kwa uaminifu ambao ingefaa auonyeshe mwanzoni.

"Binti yangu, ile picha ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wangu. Nilikuwa nimekaa tangu asubuhi, magoti yamekufa ganzi."

"Na wale wengine wote, Ratu?"

"Walinifuata mimi. Ulitaka wamfuate nani?"

Dkt. Naborisi amelisimulia jambo hili darasani kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi hucheka, naye huwaacha wacheke kwanza. Kisha huwaambia kwamba alizaliwa katika adabu hizohizo, alijua tangu utotoni kwamba mbele ya chifu hakuna anayeweka kombe pengine, na bado alihesabu makombe kana kwamba ni kura. Kwa hiyo alifanya linalofanywa kwetu mtu anapokosea. Alitafuta jino la nyangumi, akapiga magoti mlangoni kwa Ratu, akaomba radhi mbele ya kijiji kizima kwa kuwauliza swali kwa namna isiyowaachia nafasi ya kujibu. Jino likapokewa. Akabaki.

Alibaki miezi mitatu. Alichimba mihogo na wanawake, aliimba sauti ya pili katika kwaya, na hakuuliza kitu kuhusu kilima. Ndipo alipofahamu kilichowashika watu. Hakikuwa chifu, wala samaki, wala uvivu. Kilikuwa makaburi yaliyoko nyuma ya kanisa, na aliyeyafagia kila Jumamosi alikuwa Bibi Losalini, mjane aliyezika pale mume na wana wawili. Bibi Losalini hakuwahi kusema hatahama. Alifagia tu, na kila aliyemwona akifagia aliona haya kufungasha mizigo.

Siku za mvua zilikuwa zikikaribia, na wajenzi walikuwa wameshaleta vifaa vya kubomolea. Hapo Dkt. Naborisi akabuni lile ambalo leo linafundishwa chini ya jina la Kikao cha Wajina, na sisi tulioliona tunajua halikutoka kitabuni. Lilitoka katika desturi ambayo kila mtoto wa Fiji anaifahamu. Kati yako na anayepewa jina lako hakuna cheo: mzee na mtoto wenye jina moja huitana wajina, hutaniana, na mtoto huruhusiwa kumwambia mzee yale ambayo mwanawe wa kumzaa hathubutu. Basi Dkt. Naborisi aliomba ruhusa ya Ratu, akatandika mikeka miwili ikitazamana. Mkeka mmoja ulikuwa wa leo. Mwingine ulikuwa wa miaka thelathini mbele, na aliyevuka kuukalia hakuwa tena yeye, bali wajina wake ambaye hajazaliwa, aliyekuja kuzungumza na mzee aliyempa jina. Ratu akaombwa avuke mwisho.

Mwanzoni ilikuwa michezo. Mvuvi mmoja mnene alivuka, akajigeuza kijana, akamshutumu babu yake mnene kwa kuuza injini ya mashua ili anunue televisheni, na mkewe akaitikia kwa sauti kutoka upande wa pili kwamba mtoto huyo ana akili. Watu walicheka hadi yaqona ikamwagika. Lakini kicheko kililegeza ndimi. Mmoja aliyevuka alisema anaishi Suva na lugha ya kijiji haijui. Mwingine alisema amezaliwa kilimani, na anampenda babu yake kwa kuwa ndiye aliyezipandisha nguzo za nyumba yao. Wengine walitaka ukuta wa mawe, na kwa mara ya kwanza walibishana na wenzao mbele ya chifu, kwa kuwa si wao waliobishana bali wajukuu.

Ndipo Bibi Losalini alipoinuka. Hakuna aliyemtarajia. Alivuka polepole, akakaa, akalaza mikono mapajani, akautazama mkeka alikotoka.

"Naitwa Losalini," alisema. "Nimekuja kumwona bibi yangu aliyenipa jina. Nimemletea maua. Hapa ufukweni wameniambia nikitaka kumwona, nivae miwani ya kupigia mbizi."

Bahari ilisikika nyuma ya kanisa, mahali ambapo hapo zamani haikusikika. Bibi akarudi kwenye mkeka wa leo, akawa tena mjane wa Naduruvesi, akamgeukia chifu.

"Ratu, tuanze na makaburi. Walio hai wana miguu. Watafuata."

Zamu yake ilipofika, Ratu Ilaitia hakuvuka mkeka. Alisema kwamba la wajina wake limekwisha kusemwa, na akatuma watu kuleta majembe.

Mwandishi wa maneno haya aliitwa kuongoza ibada, na katika miaka mingi ya uchungaji hajapata kuona maandamano kama yale. Mifupa ilifukuliwa kwa sala, ikafungwa katika mikeka myeupe iliyosukwa na wanawake wa kila ukoo, ikapandishwa kilimani kwa mabega, huku Dkt. Naborisi akiwa miongoni mwa wabebaji na matope yakimfika magotini. Mvua ya kwanza ilitukuta njiani. Hakuna aliyekimbia. Makaburi mapya yalipofunikwa, familia zilianza kupandisha masufuria na magodoro siku hiyohiyo, bila kuamriwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwaacha wafu wao peke yao kilimani. Wajenzi walivirudisha vifaa vyao melini, na mmoja wao akabaki kusaidia kubeba kengele ya kanisa.

Tangu hapo Kikao cha Wajina kimetumika hospitalini, katika mabaraza ya wavuvi, na hata katika baraza la chuo chetu, ambako makamu mkuu mmoja alivuka mkeka na kukiri, kwa sauti ya wajina wake, kwamba paa la maktaba lingalipo na lingali linavuja. Lilitengenezwa mwezi uliofuata. Wageni kutoka nchi kubwa huja kujifunza mbinu hiyo, na Dkt. Naborisi huwaambia kwa uvumilivu kwamba mbinu si mikeka miwili. Mbinu ni kutafuta, katika kila jamii, mahali ambapo mtu anaruhusiwa kusema kweli bila kumvunjia mwenziwe heshima, na kuiweka kesho mahali hapo. Asiyekuwa tayari kukaa miezi mitatu akichimba mihogo, husema, asijisumbue kununua picha.

Bwana Daya, ambaye mwenyewe alistaafu mwaka juzi, ametuagiza tumwulize anapanga kufanya nini kesho. Tulimwuliza. Alisema kwamba ziko jamii mbili katika visiwa vya Lau zilizomwandalia mkeka, na kwamba meli inaondoka tarehe mosi Desemba. Tulipomkumbusha kwamba hiyo ni siku moja baada ya kustaafu, alijibu kuwa ndiyo maana hakukata tiketi ya tarehe thelathini.

Bibi Losalini alilala usingizi wa mwisho miaka mitano iliyopita, akazikwa kilimani kando ya mumewe na wanawe. Kijiji cha zamani sasa ni maji, na ngazi za kanisa huonekana tu bahari inapokupwa sana. Mjukuu wake ana binti wa miaka minane, naye jina lake ni Losalini. Pasaka iliyopita, Dkt. Naborisi alipokuwa mgeni wao, msichana huyo alimshika mkono baada ya ibada, akampeleka nyuma ya kanisa jipya, akaweka maua juu ya kaburi la wajina wake, akapangusa vumbi kwa kiganja. Alikuwa amevaa viatu vya Jumapili, na vilikuwa vikavu.

Dkt. Titilia, dada yetu katika imani na mwalimu wetu katika kazi: tunakushukuru kwa viti ulivyotengeneza, kwa kosa ulilolikiri hadharani, na kwa kutokubali ndiyo ya adabu pale palipohitajika ndiyo ya moyo. Mungu akulinde baharini na nchi kavu, akupe nguvu ya kuchimba mihogo kwa miaka mingi, na akujalie maisha mema katika kila kesho ambayo bado hujaifikia.