Gari Lililozimika Kila Lilipowashwa: Maneno ya Wafugaji wa Kamahiga kwa Bi. Fowsia Abdimajid

Mgeni rasmi, Bi. Fowsia Abdimajid; Bwana Abshir, uliyefuatana naye kutoka Nanyuki; Chifu wetu; Mchungaji; mwenyekiti wetu Mzee Theuri; wanachama, majirani, na watoto mliokaa kimya kama mlivyoagizwa: twawasalimu nyote kwa heshima.

MAKARIBISHO

Bi. Fowsia, karibu Kamahiga. Umetukuta katika majira ya baridi, na mlima haujajionyesha tangu asubuhi. Tunakuomba radhi kwa niaba yake. Chai iko tayari. Mbuzi wa leo amechinjwa kwa mkono wa Bwana Abshir mwenyewe, kwa hiyo kula bila wasiwasi.

Aliyeiandika risala hii, na anayeisoma, ni katibu wetu, Mwalimu Ngatia, aliyefundisha watu wengi waliokaa hapa, wakiwemo wengine wenye mvi. Imetupasa tukueleze mapema kwamba yeye ni babu yake Keziah, dereva ambaye jina lake utalisikia mara nyingi leo. Alikataa kuandika, akasema kwamba babu hafai kuwa shahidi. Tulimjibu kuwa yeye ndiye mtu pekee ambaye tuna hakika hataongeza sifa hata moja. Ameahidi kutoongeza. Ikimponyoka, mtamvumilia.

HISTORIA YA GARI

Marehemu baba yako, Mzee Abdimajid, alianza kununua ndama wetu madume wakati barabara hii ilipokuwa njia ya punda. Alikuwa akikaa kwenye kigoda, akinywa maziwa, akimtazama ndama bila kusema neno mpaka mwenye ndama aingiwe na wasiwasi. Hakumdanganya mtu hapa. Nasi tulijitahidi tusimdanganye.

Wakati huo maziwa yetu yalishuka hadi barabara kuu kwa punda. Mvua ikinyesha, punda walisimama katikati ya tope, na maziwa yalipofika kwenye mtambo wa baridi yalikuwa yamekwisha kuharibika. Tuliyarudisha nyumbani tukawapa mbwa. Baba yako aliyaona mambo hayo. Alipofariki, ulikuja na gari hili, ukatukabidhi ufunguo mahali hapa hapa, ukasema maneno ambayo hatujayasahau: "Gari ya baba isilale bure, na isiendeshwe na mwizi." Hukutaka hotuba. Ulikunywa chai ukaondoka.

MAFANIKIO

Tangu siku hiyo hakuna maziwa ya Kamahiga yaliyomwagwa kwa sababu ya tope. Kituo chetu cha kukusanyia maziwa kina paa na sakafu ya saruji. Mama zetu wanafika kanisani Jumapili bila harufu ya punda, jambo ambalo Mchungaji amelitaja kwenye mimbari.

Dereva tuliyemchagua ni Keziah. Aliomba kazi pamoja na vijana wa kiume kadhaa, akajaribiwa kwenye mteremko wa mto, gari likiwa limebeba mikebe iliyojaa maji bila vifuniko. Yeye peke yake hakumwaga. Baada ya hapo aliendesha kila asubuhi, wala hakuwahi kuchelewa. Wanachama walimwagiza katibu aisome sentensi hiyo mara mbili, katibu amekataa.

CHANGAMOTO

Hapa, Mgeni rasmi, ndipo tunapofika kwenye jambo lililofanya tukuombe uje.

Kwetu gari hulindwa usiku kwa zamu, kila nyumba kwa usiku wake. Katika msimu huu wa baridi panya huingia ndani ya bonneti kutafuta joto la injini. Keziah alikuta waya umetafunwa, akautengeneza, kisha akaomba mkutanoni kwamba kila mwenye zamu aangalie panya. Tulikubali kwa sauti moja.

Siku chache baadaye gari liliugua. Keziah akipiga stata, injini inashika vizuri, inanguruma kama kawaida. Halafu, kabla hajaweka gia, inazimika. Akisubiri kidogo na kuwasha tena, inashika, na inazimika vile vile. Asubuhi hiyo maziwa yalikwenda kwa pikipiki na kwa mabega, na mengi hayakufika.

Jioni tulikutana. Kanuni yetu inasema jamaa ya mtu anayejadiliwa atoke nje. Katibu ndiye aliyeiandika kanuni hiyo, kwa hiyo alitoka, akasimama uani kwenye manyunyu. Yaliyosemwa ndani tunayasimulia sisi tuliokuwepo.

Mzee Wambugu, aliyewahi kuendesha lori la mawe, alisema, "Gari inashika halafu inazima? Hiyo ni mafuta. Kuna mtu amenyonya petroli akaweka mafuta taa. Mimi nimeona hayo mambo."

"Nani ako na ufunguo?" akauliza mwingine.

Watu waligeuka wakamtazama Keziah.

Keziah, ambaye kama vijana wote hapa humwita kila mzee guka, yaani babu, alisimama. "Wazee wangu, fungueni tangi mnuse. Nusa wewe mwenyewe, Guka Wambugu."

"Ati ninuse! Mwizi wa petroli hawezi kukosa akili ya kuondoa harufu."

Watu walicheka. Bi. Fowsia, tunaomba uzingatie kicheko hicho. Baada ya watu kucheka hakukuwa tena na kujadili. Tulimwondoa Keziah kazini usiku huo, na asubuhi mwenyekiti alikupigia simu akakwambia kwamba dereva anaiba petroli. Ulimjibu kwa maneno machache, nayo tuliyasikia kwa kuwa simu ilikuwa kwenye kipaza sauti: "Kama ni mwizi, simtaki kwa gari ya babangu. Tafuteni mwingine, ama nirudishieni."

Tukampa ufunguo Dishon, kijana mwaminifu, mtoto wa polisi aliyehamia hapa kutoka magharibi. Tukaita fundi. Tulimwambia kwamba mafuta yamechezewa, naye akaenda pale tulipomwelekeza. Alimwaga tangi lote: petroli ilikuwa safi. Akabadilisha filta ya mafuta, akapuliza mipira, akapima pampu, akakaza vichwa vya betri. Dishon akapiga stata. Gari likashika, likanguruma, likazimika.

"Hata kwangu inazima," akasema Dishon. "Sasa na mimi ni mwizi?"

Hapo tungeweza kusimama tukafikiri. Hatukufikiri. Mzee Wambugu alisema msichana ameliharibu gari kabisa, nasi tukaitikia kwa vichwa. Ni vigumu kueleza kwa nini. Labda ni kwa sababu tulikuwa tumekwisha kukuambia wewe, na mtu akishapeleka neno Nanyuki huona aibu kulifuata alirudishe. Gari liliposhindwa mikononi mwa mtu mwingine, badala ya kumwondolea Keziah lawama, tulimwongezea.

Kwa muda huo wote Keziah alipita njia ya nyuma kwenda sokoni. Wanawake waliokuwa wakimpa mikebe yao kila asubuhi walianza kuangalia chini akipita. Mtoto mmoja alimwimbia wimbo wa petroli, na hakuna mtu mzima aliyemkanya.

Hatimaye tulimwita fundi mwingine, Duncan, kutoka Sagana. Huyu alikataa kusikiliza. "Msiniambie ni nani," alisema. "Niacheni kwanza nisikie gari." Aliliwasha, likazimika. Aliwasha tena, likazimika. Kisha akafungua kisanduku cha filta ya hewa, akaiondoa filta, akaacha kisanduku wazi, akamwambia Dishon awashe.

Gari likashika. Likaendelea. Tulisimama tukilitazama likinguruma, na watoto wakaanza kupiga makofi. Duncan alikifunika kisanduku kwa kiganja, injini ikakohoa. Akaondoa kiganja, ikapumua.

"Mafuta iko," akasema. "Stima ya betri iko. Hii gari inanyongwa."

Akaufuata mpira wa hewa hadi nyuma ya taa, mahali unapovutia upepo kutoka nje, akaingiza koleo, akavuta. Kilichotoka ni kitambaa cheupe, kimekunjwa mara nyingi, kikiwa na pindo la uzi wa buluu. Kila mwanachama alikitambua. Ni kitambaa cha kuchujia maziwa, wanachoshona mama zetu, na ambacho kila nyumba hukichemsha kabla ya kulala.

Kisha Mzee Theuri, mwenyekiti wetu, akasema, "Hiyo ni yangu."

"Yako vipi, mwenyekiti?"

"Ilikuwa zamu yangu. Nilifunika tu."

"Ulifunika nini?"

"Hiyo mdomo. Gari iko na mdomo hapo mbele, na ndani kulikuwa na manyoya ya panya. Nikaziba na kitambaa safi, nikasukuma na kijiti ndiyo panya isivute."

"Na hukutuambia?"

"Nani hapa hutangaza ati amefunika mkebe?"

Mgeni rasmi, anayeishi na maziwa atamwelewa. Sisi hatuachi kitu chenye mdomo wazi usiku. Mama akimkuta mwanawe ameacha mkebe bila kitambaa, hamuulizi ni wa nani. Anaufunika, anaendelea na kazi yake. Mzee Theuri alilitunza gari kama anavyotunza maziwa, kwa kitambaa chake bora kuliko vyote, kisha akaenda kukamua, na jambo lile halikumrudia akilini hata siku aliposhika simu kukuambia kwamba dereva ni mwizi. Hakusema uongo. Alikuwa amefunika mdomo wa kitu, basi.

Wala hatumlaumu peke yake. Yeye aliziba hewa ya gari. Jina la Keziah lilizibwa na sisi sote, tukiwa tumeketi, tukiwa na akili timamu, tukicheka.

Jioni ile ile tulituma watu watatu nyumbani kwao, wakiongozwa na Mzee Wambugu. Walimkuta jikoni akimenya viazi. Mzee Wambugu alisema, "Mjukuu wangu, tulikosea. Rudi kazini kesho."

Keziah hakuacha kumenya. "Guka, mliniita mwizi wapi?"

"Kwa mkutano."

"Na Nanyuki mliambia nani?"

"Mama Fowsia."

"Sasa mbona mnaniambia pole hapa kwa jiko, penye mimi na kuku peke yetu?"

Mzee Wambugu alitutolea habari hiyo bila kupunguza kitu. Alisema aliwahi kulala rumande kwa sababu ya lori la mawe, lakini hakuwahi kujiona mdogo kama alivyojiona mbele ya yale maganda ya viazi. Katibu alipoombwa amshawishi mjukuu wake arudi, alisema hana la kumwambia, kwa kuwa msichana amesema kweli. Kisha akaomba ruhusa ya kwenda nje kidogo, na safari hii hakukuwa na kanuni iliyomtaka atoke.

OMBI LETU

Risala nyingi huomba barabara, au umeme, au mtambo mkubwa zaidi wa baridi. Vyote hivyo tunavihitaji, na siku nyingine tutakuandikia. Leo tuna ombi moja.

Kwanza tunasema, mbele ya Chifu, Mchungaji, majirani, na mtoto aliyeimba: Keziah hakuiba petroli. Hakuliharibu gari. Tulimsingizia, na neno tulilokupelekea Nanyuki halikuwa la kweli. Mwenyekiti na Mzee Wambugu wamesimama sasa wakati maneno haya yanasomwa. Nasi wengine tunasimama pamoja nao.

Dishon ameurudisha ufunguo kwa hiari yake. Uko mezani mbele yako, kando ya kikombe. Tunakuomba uuchukue, kwa kuwa wewe ndiwe uliyeambiwa, na umwite Keziah kwa jina lake aje aupokee kwako. Ameketi kule mwisho, karibu na mlango, amevaa sweta ya kijani. Hatukumwomba aketi mbele, wala hatujamuuliza kama atakuja. Tuliona kwamba kumuuliza kabla ya kuyasema haya hadharani kungekuwa kutafuta bei ya msamaha wake.

Akija kuupokea, tutashukuru, na kesho alfajiri mikebe itamngoja. Asipokuja, Bi. Fowsia, rudi nao Nanyuki pamoja na gari. Tumesikia kwamba wafugaji wa Doldol hawana chombo cha kubebea maziwa, wapelekee wao. Jambo hili tulilipigia kura. Wengine walinung'unika, na bado wananung'unika, lakini walioshinda ni wengi. Punda wetu tunao bado.

Mungu akulinde barabarani, amrehemu baba yako, na abariki mifugo yako kama tunavyomwomba abariki yetu. Aketiye mlangoni tunamwombea zaidi ya hayo, na tunamwombea kwa sauti, ili asikie.

Ni sisi,
Kikundi cha Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa, Kamahiga.

Imesomwa na katibu, Mwalimu Ngatia, ambaye sasa anaketi, na anaomba mtu yeyote asiseme neno hadi ijulikane kama aketiye mlangoni atakuja.