Kaburi la Babu Yake Mpima

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile lilikuwa kahawa: muuzaji alimjazia Mpima kikombe hadi ukingoni, naye Mpima akalalamika, kama kila siku, kwamba kimejaa mno, kisha akanywa. Benchi lao, yeye na rafiki yake aliyebandikwa jina la Redio kwa uvumi usiozimika, liko mbele ya kibanda cha kinyozi. Mpima ni mpima ardhi mstaafu, aliyefiwa na mkewe miezi minne iliyopita. Siku hiyo alikuwa amefura. Shamba aliloliuza baba yake mdogo zamani lilikuwa limenunuliwa tena, trekta limeingia, na humo ndimo alimozikwa babu yake.

— Nampeleka mahakamani, alisema. Kaburi la watu halilimwi!

— Mahakama ya nini? Redio akadakia. Trekta litazimika lenyewe. Wazee wa zamani hawachezewi.

— Litazimika kwa kukosa dizeli, kinyozi akasema.

— Cheka tu. Babu yake Mpima alizikwa na sanduku, ndilo linalotafutwa.

— Sanduku la nini?

— Ndiyo ujiulize! Wakilipata, watasogeza mpaka wa shamba hadi hapa benchini. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali imeingilia mlango gani?

— Imeshaingia. Ipishe ikae.

Mama mmoja akasimama mbele yao, viatu vimejaa udongo.

— Shikamooni. Mzee Mpima ndiye yupi?

— Marahaba. Ni mimi.

— Lile shamba nimelinunua mimi. Nimeambiwa babu yako yumo, basi trekta nimelisimamisha. Nataka nimzungushie ukuta asije akakanyagwa. Kaburi liko upande gani?

Mpima akanyoosha kidole kuelekea shambani, kisha akakishusha. Miaka thelathini aliwawekea watu mawe ya mipaka. Kona za viwanja vyao angezitaja usingizini.

— Aliyekuwa akienda kupalilia ni marehemu mke wangu, akasema hatimaye. Kila mwaka. Alikuwa akiniambia twende.

— Na wewe ulikuwa wapi, baba?

Mama aliuliza bila ubaya wowote. Redio akainamia kikombe chake. Jibu walikuwa wamelikalia wote.

Kesho yake asubuhi, kabla hata ya chai, Mpima alibisha hodi kwa dada wa marehemu mkewe, ambako hakuwa amekanyaga tangu mazishi.

— Shemeji, akasema, macho chini, wewe na dada yako mlikuwa mkienda pamoja. Nakuomba unionyeshe kaburi la babu yangu.