Daraja Linasubiri Mgeni Rasmi

Kijiwe chetu kipo ukingoni mwa korongo, huku Tunduma juu, mahali ambapo honi za malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia unazisikia vizuri lakini vumbi lake linakufikia likiwa limeshachoka. Kuna benchi moja refu, jiko la mkaa la Osea muuza kahawa, na mbele yetu, hatua kumi hivi, kuna daraja la miguu. Daraja zuri, nasema bila aibu. Tumelijenga wenyewe, Umoja wa Majirani Korongoni, Jumamosi saba mfululizo, wanaume kwa wanawake, bila mkandarasi wala nani. Mimi ambaye mke wangu anasema siwezi kugongelea hata msumari wa kalenda, nimegongelea mbao kumi na moja pale. Likaisha wiki moja baada ya Pasaka. Sasa ni Agosti, na hakuna binadamu aliyelipita. Limefungwa utepe mwekundu huku, na wa ng'ambo nao wakafunga wa kwao wasionekane wamezidiwa. Linasubiri kuzinduliwa.

Jumapili hiyo tulikuwa wanne. Osea kwenye jiko lake. Osward, katibu wa Umoja, tunayemwita Katiba maana hata kabla ya kupiga chafya anaulizia kifungu. Watson, dalali wa pale boda, tunayemwita Injinia kwa vile wakati sisi tunachimba, yeye alishika kamba ya vipimo. Na mimi, Mlinzi. Kazi yangu ni kushona viatu. Ulinzi wa utepe ni zamu tu, na kila Jumapili inaniangukia mimi kwa sababu siku ya kupanga zamu sikuhudhuria kikao.

Katiba: Mlinzi, utepe umelegea kushoto. Kaukaze.

Mimi: Nimeukaza juzi. Ni huyo mbuzi wako, akipita anausukuma na pembe.

Katiba: Si wangu. Ni mbuzi wa sherehe, mimi nimepewa kumtunza.

Injinia: Mwacheni ale bwana. Ng'ambo kule ndiko kwenye majani. Anene, siku ya siku tusiaibike.

Osea: Yaani mbuzi anapita darajani, anakwenda na kurudi kila siku, halafu sisi watu wazima tunashuka korongoni kwa makalio?

Katiba: Mbuzi hawahesabiwi. Kikao kiliamua. Binadamu wa kwanza kupita, huyo ndiye kalizindua, na aliyezindua anatoa hotuba. Wewe Osea una hotuba?

Osea: Mimi nina kahawa.

Katiba: Haya, mimina.

Mgeni rasmi wetu ni Mzee Yesaya. Kazaliwa mtaa huu huu, kacheza chandimu kwenye korongo hili, na sasa ana malori kumi na mbili na nyumba kule Ndola, Zambia. Tulikubaliana wote kwamba yeye ndiye akate utepe. Fulana za njano zimeshafika, ndizo tulizovaa hapo benchini, na yangu imeshapauka mabegani. Kwaya imeshatunga wimbo wa daraja. Masufuria ya pilau yameazimwa mara mbili na kurudishwa yakiwa masafi.

Osea: Lakini huyu mgeni mbona haji? Miezi minne sasa.

Injinia: Mimi najua. Foleni. Mtu ana malori kumi na mbili. Yote yakijipanga pale boda, yeye mwenyewe apite wapi? Kazibwa na mali yake.

Mimi: Si aje kwa miguu?

Injinia: Mukwai, bwana wangu! Mgeni rasmi kwa miguu? Si bora akae kwake.

Katiba: Si foleni. Ni uzito. Nimemwona kwenye picha, kaongezeka sana. Nadhani kaliona daraja letu, kajiangalia na yeye, kaingia woga.

Mimi: Woga wa nini? Mihimili ile ni mikaratusi ya Bibi Enesi. Miaka thelathini imesimama uwanjani kwake. Hata lori linapita pale.

Injinia: Basi ni mkasi.

Osea: Mkasi umefanyaje?

Injinia: Matajiri wanaogopa mkasi, hamjui tu. Kule Ndola wamemwambia, ukikata utepe huku Tunduma, nyota yako inabaki kwenye utepe.

Osea: Nani kasema?

Injinia: Dereva mmoja.

Katiba: Mkasi wangu ni mpya kabisa. Haujakata hata uzi. Uko kabatini, nimeuvingirisha kwenye kitenge cha mke wangu.

Injinia: Au... subirini. Au ameshakuja!

Mimi: Lini?

Injinia: Kwa siri. Kavaa kofia, kakaa hapa hapa benchini, kanywa kahawa, anatuchunguza kama tunastahili.

Osea: Eeh. Kuna mtu wiki iliyopita kanywa vikombe vitano bila kusema neno.

Katiba: Mnene?

Osea: Mwembamba.

Injinia: Ndiye! Kapungua makusudi ili daraja limbebe.

Msinicheke, lakini Katiba alitoa daftari akaandika. Nilichungulia. Kaandika: "Mwembamba, vikombe vitano."

Ndipo Bibi Enesi akatokea, kashikwa mkono na mjukuu wake. Nyumba yake ni ile ya pili kutoka kijiweni. Huyu bibi mgongo umejikunja kwa miaka mingi ya jembe, ukikaa naye anaanza kuona viatu vyako kabla hajauona uso, na ndiyo maana mimi ananipenda. Mwezi wa pili mvua ilipolisomba gogo tulilokuwa tunavukia, yeye ndiye aliyekatiwa njia kabisa. Kanisa lake liko ng'ambo, bati lake unaliona kutoka mlangoni kwake. Tulipoanza kutafuta miti ya mihimili, hakungoja kuombwa. Alisema, kateni ile ya marehemu mzee, mimi nataka kwenda kuimba. Nasi tukamwahidi kwamba atakwenda kwa miguu yake mwenyewe.

Mjukuu: Shikamooni.

Sisi: Marahaba. Shikamoo bibi.

Bibi: Marahaba wanangu. Nisogezeeni nikae.

Katiba: Huyu ni nani mwenzetu, bibi?

Bibi: Ikupa. Mtoto wa binti yangu. Kaja jana kutoka Itumba, kule Ileje.

Ikupa: Apumzike kidogo, kachoka. Tunazunguka kwa barabara ya malori tukafike kanisani. Anakwenda kuaga.

Katiba: Kuaga? Anakwenda wapi?

Ikupa: Nyumbani Ileje. Leo, kwa gari la saa nane. Mama kasema nimchukue tu. Hapa kanisani hafiki, kwa wenzake hafiki. Mara ya mwisho kazunguka na pikipiki kwenye yale malori, kaanguka. Anashinda ukutani peke yake, anasikiliza wenzake wakiimba.

Niligeuka nikaona, kweli, mabegi mawili na kapu vimepangwa mlangoni kwa bibi. Miaka yote niliyokaa mtaa huu mlango ule haujawahi kuwa na begi nje. Iliniuma, na nikatamani nisingekuwa nimevaa ile fulana.

Bibi: Osea mwanangu, nipe kahawa yako ya mwisho mwisho.

Osea akainamisha birika. Kikajaa nusu kikombe, basi, kahawa ya siku ikawa imeisha.

Bibi: Ndaga, asante. Inatosha.

Ikupa alikuwa anaangalia daraja.

Ikupa: Samahanini. Hili daraja lina ubovu gani?

Injinia: Ubovu? Hili? Dada, nimepima mwenyewe!

Ikupa: Sasa mbona hamlipiti?

Katiba: Linasubiri mgeni rasmi.

Ikupa: Kasema anakuja lini?

Katiba: Bado hajasema.

Injinia: Kuna mambo ya uzito. Na nyota.

Ikupa: Barua mlimpelekea lini?

Tukamgeukia Katiba. Katiba akafungua faili lake polepole. Ndani mlikuwa na barua, imechapwa vizuri, ina kichwa cha habari kimepigiwa mstari, haina hata kosa moja.

Katiba: Iko tayari. Inasubiri muhuri.

Ikupa: Muhuri uko wapi?

Katiba: Kwa mwenyekiti.

Ikupa: Na mwenyekiti?

Katiba: Yuko Isansa. Anachuma kahawa yake. Tangu Juni.

Osea: Kwa hiyo Mzee Yesaya hajui kama kuna daraja?

Katiba: Hajui... rasmi.

Injinia akaangalia mawingu, na Agosti huku hakuna mawingu.

Bibi Enesi akarudisha kikombe, akachukua fimbo yake, akasimama. Tukadhani anaanza safari ya kuzunguka. Hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja darajani, na mimi ndiye mwenye zamu, kazi yangu ilikuwa kusema bibi simama. Nikavuta miguu yangu apite. Alifika kwenye utepe akapita chini yake. Hakuinama, mgongo ulikuwa umeshainama siku nyingi. Utepe haukutikisika hata kidogo. Nilijua pale pale kwamba tangu Pasaka, katika mtaa mzima, mtu ambaye utepe ule haukuweza kumzuia ni yeye peke yake, na ndiye tuliyemwambia asubiri.

Katikati alisimama, akaugonga mhimili na fimbo mara mbili, kisha akaendelea. Akapita chini ya utepe wa ng'ambo vilevile. Akageuka.

Bibi: Mbona mliniambia limefungwa?

Tulikuwa wanaume wanne, na mmoja wetu ana daftari. Akalifungua, akalifunga.

Osea akaongea kwa sauti ya chini.

Osea: Katiba. Binadamu wa kwanza huyo.

Katiba: Nimeona.

Osea: Hotuba sasa.

Katiba alivua kofia akasimama. Injinia naye akasimama. Nami nikasimama, nikanyoosha fulana yangu ya njano. Kule ng'ambo bibi hakujua kwamba tunangoja hotuba. Alikuwa anazungumza na mjukuu wake tu.

Bibi: Ikupa! Hayo mabegi yarudishe ndani, halafu uje. Wameshaanza kuimba!

Katiba ndiye aliyeanza kupiga makofi. Alipiga kwa nguvu, macho yamemlowa, na sikumtania.

Ikupa alikimbia na mabegi, akarudi akihema, akafika kwenye utepe akasimama, akaniangalia mimi mwenye zamu. Nikaunyanyua kwa mikono miwili. Akapita. Akapita Injinia, akapita Osea na birika lake tupu, akapita Katiba na faili lake kwapani. Mbuzi wa sherehe akaja nyuma yao, na huyo naye nikamnyanyulia.