Maji ya Kumwoshea Rajabu

Wasifu wa marehemu Kornelio Shekue, uliosomwa na mpwa wake Timotheo nyumbani kwa marehemu, Kwemhindo, Jumatano tarehe 5 Novemba 1958.

Ndugu, majirani na wageni mliopanda mlima kuja kutusitiri, leo tunamweka ardhini mzee wetu Kornelio, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Eliudi. Kabla hajafa alituachia agizo kuhusu wasifu huu. Alisema, "Msiposema habari ya maji, msisome chochote. Nizikeni kimya." Tulibishana naye sana. Shemeji zake walimwambia kwamba msibani si mahali pa kumvua mtu nguo. Yeye akajibu kwamba nguo hizo amezivaa miaka mitano na zimemchosha. Basi tunasoma kama alivyotaka, na aibu iliyomo ni yetu pia sisi wa nyumba yake.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Kwemhindo, kwenye migomba ya baba yake, Mzee Shekue. Mama yake alikumbuka tu kwamba ulikuwa mwaka wa nzige, na misheni walipomwuliza wakaandika 1894. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kwanza kubaki hai. Alibatizwa siku ya Pasaka mwaka 1908 na kupewa jina la Kornelio.

Alisoma miaka mitatu katika shule ya misheni huko Vuga, akajua kusoma, kuandika na kuimba sauti ya nne. Alichaguliwa kuwa mpiga kengele. Sheria ilikuwa kwamba kengele ikishalia mlango unafungwa, na atakayechelewa abaki nje. Asubuhi moja ya ukungu kengele ililia, Kornelio akafunga mlango, na aliyebaki nje akigonga alikuwa mwalimu mwenyewe. Kornelio akamwambia kwa adabu zote, kupitia upenyo wa mlango, kwamba sheria hairuhusu. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, akamsifu mbele ya darasa zima. Hadithi hiyo marehemu aliipenda na kuisimulia kwenye kila arusi. Miaka ya mwisho aliacha kuisimulia, na sisi tukadhani ni uzee.

Wakati wa vita ya kwanza alichukuliwa kuwa mpagazi, akarudi mwaka 1917 miguu imeharibika na mwili umebaki mifupa. Alipopata nafuu alikwenda Shume kupasua mbao, akiwa yule anayevuta msumeno kutoka chini shimoni, analishwa unga wa mbao machoni siku nzima. Huko alijifunza useremala. Madawati ya kanisa letu ni kazi yake, na milango mingi mnayofungua asubuhi hapa kijijini aliitengeneza yeye. Alikuwa fundi asiyependa haraka. Ukimharakisha alikuwa anaweka randa chini, anakaa, anakuangalia mpaka uondoke.

Mwaka 1922 alimwoa Zipora, binti wa Mlalo, ambaye yuko nasi hapa. Mama Zipora anasema alimkubali kwa sababu alikuwa kijana pekee aliyekuja kuposa akiwa amenawa miguu. Mungu aliwapa watoto watano, wawili akawachukua wakiwa wadogo.

Mwaka 1936 washarika walimchagua kuwa mzee wa kanisa. Vita ya pili ilipokuja na Wajerumani wa misheni wakakamatwa, mambo yote yaliangukia baraza la wazee: ng'ombe wanaoingia makaburini, daraja linalochukuliwa na maji kila masika, ugomvi wa mipaka ya mashamba, na baadaye manung'uniko ya matuta ambayo serikali ililazimisha watu kuyalima mashambani. Kornelio hakukosa kikao. Watu walimpenda kwa kuwa hakuwa na upendeleo, na yeye, tuseme ukweli, alipenda kupendwa kwa jambo hilo.

Mwaka 1949 mvua zilikataa. Chemchemi iliyo chini ya kanisa ilibaki tope, watu na ng'ombe wakigombea. Baraza likakaa na zumbe, mtawala wetu, pamoja na wakuu wa nyumba za Waislamu, wakakubaliana kujenga pale chemchemini tangi la mawe na saruji. Kila nyumba itoe mtu wa msaragambo, abebe mawe na mchanga pamoja na wenzake, na kila kiangazi nyumba hizo hizo zitoe tena watu wa kusafisha. Nyumba isiyotoa mtu isiteke mpaka itakapotoa. Kornelio akatengeneza mlango wa mbao za mkulo, akautia kufuli, na baraza likampa yeye ufunguo. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya ngozi, mpaka kanisani, mpaka kitandani. Mama Zipora alimtania, "Naona umeoa mke wa pili, na unalala naye mbele ya macho yangu."

Sheria ile ilifanya kazi. Maji yalikuwa safi, na watoto waliacha kuugua matumbo. Siku moja mke wa mchungaji mwenyewe alirudishwa na debe tupu kwa sababu nyumba yake haikuwa imetoa mtu. Watu walicheka na kusema huyu ndiye mzee. Kornelio alitembea kifua mbele wiki ile.

Sasa tunafika pale alipotaka tufike.

Ng'ambo ya bonde aliishi jirani yetu Rajabu Hoza na mkewe Mwanahawa. Rajabu alianza kuugua kifua mvua za vuli mwaka 1952. Watoto wao walikuwa wadogo, na Mwanahawa hakuwa na wa kumwachia mgonjwa, kwa hiyo kusafisha kwa kiangazi kulipofika nyumba ile haikutoa mtu. Kornelio alijua sababu. Alikuwa amempelekea Rajabu ndizi kwa mikono yake mwenyewe, akakaa naye kitandani. Hata hivyo alimwona Mwanahawa akipita na mtungi kwenda kuteka mtoni, chini, pale ng'ombe wanaponyweshwa, naye akanyamaza. Mwanahawa hakulalamika, na Kornelio akajiambia kwamba asiyelalamika ameridhika.

Alhamisi asubuhi, tarehe 12 Februari 1953, Rajabu alifariki. Ndugu yake Mbaraka, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mkonge huko Mazinde na aliyepanda kuja kumwuguza, alishika madebe mawili akaja kwenye tangi. Alimkuta Kornelio pamoja na wazee wawili wa baraza, wakikagua ufa kwenye saruji.

"Shikamoo, Baba Eliudi."

"Marahaba, Mbaraka. Mgonjwa ameamkaje?"

"Ametutoka alfajiri, baba. Nimekuja kuomba maji ya kumwoshea. Tunataka tumzike kabla ya alasiri."

Kornelio akampa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli, kwa maana machozi yalimlenga. Mkono wake ukaenda shingoni, ukashika ufunguo. Hapo mzee mmoja wa baraza akakohoa. Mzee huyo yuko hapa leo, amekaa mbele, na hatumtaji.

"Mgosi," alisema mzee yule, "nyumba ile haijaja msaragambo. Mke wa mchungaji tulimrudisha."

Kornelio alituambia kwamba hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Ufunguo ulikuwa tayari mkononi. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama, naye alitaka waendelee kumwona kama walivyomwona siku ya mke wa mchungaji.

"Sheria unaijua, mwanangu," akamwambia Mbaraka. "Nikifungua leo, kesho nitamwambia nini mwingine? Njoo Jumamosi ufanye kazi ya nyumba ile, mtateka mpaka mchoke."

Mbaraka akauliza, "Kwani maiti naye anadaiwa msaragambo, baba?"

Wazee wakarudi kukagua ufa wao. Mbaraka akainua madebe yake akashuka mtoni. Maji yalikuwa yameshavurugwa na ng'ombe, kwa hiyo wanawake wakayachuja kwa kanga, wakayachuja tena, na kwa maji hayo Rajabu akaoshwa. Alizikwa kabla ya alasiri kama walivyotaka. Kornelio alikwenda mazikoni akasimama nyuma. Watu walimsalimia vizuri, wakampisha mahali pa kusimama, na hakuna aliyemtupia neno. Alisema laiti wangemtukana.

Jumapili ile, baada ya ibada, baraza lilikaa na likampongeza Mzee Kornelio kwa kusimamia sheria bila woga wala upendeleo. Wakapiga makofi. Alirudi nyumbani akasukuma chakula pembeni.

"Wamekupongeza kwa lipi?" Mama Zipora akauliza. Siku zile tatu mumewe hakuwa amemwambia kitu.

Akamweleza yote. Mama Zipora alimaliza kuosha vyombo kwanza, kisha akasema, "Mimi kwenye tangi lako sitateka tena." Hakuwa mtu wa kurudia neno. Tangu kesho yake mke wa mwenye ufunguo alishuka mtoni na mtungi mbele ya kijiji kizima, na kwa kuwa Mwanahawa alikuwa ndani ya eda, mtungi wa kwanza aliupeleka kwake. Watu walicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka.

Kornelio aliliomba baraza liondoe mlango. Baraza likakataa, likasema mzee amechoka. Akaomba tena, wakamwambia afikirie heshima yake. Basi siku moja mwezi wa Machi, wanawake wakiwa wamejipanga kuteka, alikuja na nyundo na tindo, akang'oa bawaba za mlango alioutengeneza mwenyewe. Aliubeba mlango mgongoni, akaulaza kwenye utelezi wa njia ya kushukia chemchemi, na ufunguo akauacha mezani kwa baraza. Mtu akamwuliza mbona mlango mzuri anautupa topeni. Akajibu, "Acha ukanyagwe." Upo pale mpaka leo, na sote tumeukanyaga tukija hapa. Baraza lilimvua uzee wa kanisa mwaka ule ule. Kazi ya kusafisha tangi alikuwa akiifanya yeye kila Jumamosi mpaka miguu ilipokataa, na wengi walikuja wakamsaidia bila kuitwa.

Eda ya Mwanahawa ilipokwisha, mwezi wa Juni, Kornelio alivuka bonde, kofia mkononi. Alisimama uani akasema, "Mwanangu, nilimnyima mumeo maji, na nilijua ninachofanya. Nimekuja uniambie lolote."

Mwanahawa alikuwa anapepeta mahindi. Hakuacha. "Nilisikia siku ile ile, baba," alisema. "Karibu ukae, jua kali." Zaidi ya hapo hakusema, wala Kornelio hakukaa.

Tangu siku hiyo, kila walipokutana njiani, Mwanahawa alimwambia, "Shikamoo, Baba Eliudi," kama binti anayempa mzee wake haki yake. Hilo ndilo lililomtesa kuliko kuvuliwa uzee. Alituambia kwamba kila akisema marahaba anajiona anapokea kitu kisicho chake, na kwamba hakuwahi kuijibu salamu ile akiwa ameinua macho. Tulimwona akikwepa njia ya ng'ambo siku za gulio, mzee mzima anajipenyeza migombani kukwepa salamu ya mwanamke. Sisi vijana tulicheka. Leo hatucheki.

Katikati ya mwaka 1957 miguu ilianza kumvimba na pumzi kumwisha. Mwezi wa Agosti mwaka huu vijana walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya Bumbuli, na Mbaraka alikuwa miongoni mwa wabebaji, bila kuombwa na mtu. Madaktari walifanya waliloweza, kisha wakaturuhusu tumrudishe nyumbani. Jana Jumanne, tarehe 4 Novemba, jioni, aliomba maji ya kunywa. Mama Zipora alimshikia kikombe. Alikunywa kidogo, akasema yanatosha, akalala, na hakuamka.

Leo asubuhi wanawake wetu walikuwa wanatafuta mitungi ya kwenda kuteka maji ya kumwoshea. Walipofungua mlango walimkuta Mwanahawa amesimama nje na mtungi kichwani, umejaa, maji yakimtiririka begani. Nyuma yake walikuwa binti zake wawili, kila mmoja na wa kwake.

"Haya ni ya kumwoshea," akamwambia Mama Zipora. "Ya tangini, pale chemchemi. Nimewahi kabla hayajavurugwa."

Mama Zipora akampisha aingie. Mwanahawa akatua mtungi kizingitini. Hakuingia. Alitazama ndani, kule alikolazwa marehemu, na kama siku zote akasema, "Shikamoo, Baba Eliudi."

Tulikuwa tumejaa chumba kizima, na mwenye salamu hakuwepo kuijibu. Tukainamisha macho sote.

Marehemu ameacha mjane, Mama Zipora; watoto watatu, Eliudi aliyeko reli ya Tanga, Secilia wa Mlalo, na Yakobo aliyebaki na randa ya baba yake; na wajukuu kumi na mmoja. Ameacha pia jirani wa ng'ambo ya bonde, Mwanahawa, ambaye marehemu aliagiza atajwe pamoja na wafiwa, na ambaye leo asubuhi amekubali kutajwa.

Maji yale yametosha. Alale kwa amani Baba Eliudi, ameoshwa.